Themostati Haitolewi, Hubadilishwa: Jinsi ya Kuchagua Inayofaa Gari Lako

Mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa kaunti na madereva, wenye magari na mafundi, Sironga

Asanteni kwa kuegesha magari saa hizi za kazi. Najua kila safari inayopotea ina hesabu yake, na jioni mwenye gari hasikilizi hadithi za mkutano.

Mimi si fundi. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu katika serikali ya kaunti ni kuandika taarifa na kutafutia wananchi majibu ya maswali yao. Swali moja limeletwa kwetu mara nyingi, hasa na madereva wa barabara hii ya Kisii kwenda Nyamira na Kebirigo: "Fundi ameniambia nitoe themostati. Nitoe ama nisitoe? Na kama ni kununua nyingine, ninunue ipi?" Basi nilizunguka. Nimeuliza katika gereji za Nyamira mjini, Konate na Keroka, nikafika hadi Daraja Mbili kule Kisii, na nikasoma vitabu vya watengenezaji wa magari yenyewe. Haya ndiyo niliyokusanya, na mafundi mlioketi hapo mbele mna ruhusa ya kunikatiza.

Jibu la swali la kwanza ni fupi: usitoe. La pili ndilo linalohitaji muda.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Themostati ni kidude cha chuma kinachotoshea kiganjani, kilichokaa katika njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi nta imeganda, mlango wa themostati umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto haraka. Maji yakifikia joto lililopangwa, nta inayeyuka na kutanuka, inasukuma kijiti, mlango unafunguka, na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta kupozwa. Yakipoa kupita kiasi, springi inaurudisha mlango. Zile za kawaida hazina waya wala hazitegemei betri. Ufundi huu wa nta ulibuniwa miaka ya 1930, na mpaka leo ndio uliomo katika Probox, Noah, Hiace na lori la majani chai.

Sasa, karibu kila gereji niliyoingia nilisikia msemo mmoja: kwamba themostati iliwekwa kwa sababu ya theluji ya Japani, na sisi tunaoishi kwenye ikweta hatuihitaji. Tuuangalie msemo huo vizuri, maana umegharimu watu injini.

Injini haijui kama iko Japani ama Sironga. Moto unaowaka ndani ya silinda ni ule ule, na chuma chake kimepimwa kufanya kazi vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 80 kwenda juu. Ukitoa themostati, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu unapowasha gari, na injini inachukua muda mrefu sana kupata joto, au haipati kabisa. Kompyuta ya gari inapoona maji yana nyuzi 55 au 60, inadhani gari limewashwa sasa hivi, kwa hivyo inaongeza petroli. Nyingine haichomeki, inateremka kando ya silinda na kuosha oili iliyopaswa kulinda chuma. Unyevu unaoingia katika oili nao haupati joto la kuukausha, na baada ya muda oili inageuka kuwa tope. Kwa gari la safari fupi fupi, la Sironga kwenda Nyamira na kurudi, kupakia na kusimama, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa injini haipewi nafasi ya kupata joto hata mara moja. Dereva anaona tu kwamba mafuta ya elfu moja hayafiki yalipokuwa yakifika. Analaumu kituo cha petroli.

Magari ya miaka ya karibuni yenyewe hulalamika. Taa ya injini inawaka, na fundi akiunganisha mashine ya kupimia anakuta alama P0128. Maana yake ni kwamba maji hayafikii joto ambalo themostati ingepaswa kulitunza. Nimeambiwa kuna watu ambao dawa yao ya alama hiyo ni kung'oa balbu ya taa. Sitasema zaidi.

Halafu kuna hii habari ya ikweta. Kaunti yetu inaanzia kama mita 1,250 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi mita 2,100. Mnajua asubuhi ya Julai ilivyo hapa, mtu akisubiri abiria na koti na kofia ya sufu. Anayetaka kutoa themostati kwa hoja ya joto la Afrika angalau awe Lodwar au Mombasa, na hata huko atakuwa amekosea.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulishangaa. Gari lililotolewa themostati linaweza kuchemka zaidi likipanda mlima. Katika injini nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha pili upande wa chini. Mlango wa juu ukifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, kisahani hicho kinashuka na kuziba ile njia fupi ya maji kuzunguka ndani ya injini. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote. Maji ya moto yanafuata njia rahisi, yanarudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare hutaona kitu. Subiri siku umejaza abiria, una magunia juu, na unapanda kutoka Kisumu kuja Kisii, umbali ambao gari linapanda zaidi ya mita 500. Hapo ndipo utashangaa gari "lililotolewa themostati ili lisichemke" linatoa mvuke kando ya barabara. Wale wanaoikata moyo, yaani wanaondoa mlango na kurudisha gamba lake, wamefanya jambo lile lile, ila wamelificha.

Ninalisisitiza kwa sababu najua magari haya ni nini kwetu. Gari limenunuliwa kwa mkopo wa sacco, na mdhamini wake ni shangazi anayengoja bonasi ya majani chai. Silinda hedi ikipinda kwa joto, gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili, hiyo ni injini. Mkopo unabaki pale pale. Na usiku, vijijini kwetu, Probox ndiyo ambulensi. Mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Nyamira saa nane usiku hana nafasi ya kungoja gari lipoe.

Sasa tuje kwenye kununua. Ila kabla hujatoa pesa, hakikisha kweli themostati ndiyo mbovu. Themostati huharibika kwa njia mbili. Inaweza kukwama ikiwa wazi, na dalili zake ni zile za baridi nilizozitaja: mshale wa geji haupandi, au unapanda mkiwa kwenye mlima na kushuka mnapoteremka. Magari mengine madogo hayana geji, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Taa ya bluu ikichelewa sana kuzima, ni dalili hiyo hiyo. Ama inaweza kukwama ikiwa imefungwa, na hapo mshale unapanda dakika chache baada ya kuwasha, ilhali rejeta yenyewe bado ni baridi ukiigusa upande wa chini. Hii ya pili ndiyo inayoua injini. Ukiona mshale unaelekea nyekundu, simama. Usiseme utafika Konate kwanza.

Lakini gari huchemka kwa sababu nyingi ambazo hazihusu themostati: maji yamepungua, feni haizunguki, rejeta imeziba kwa matope, pampu ya maji imechoka, gasketi imeungua na inasukuma hewa ndani ya maji. Fundi mzuri atapitia hizo kwanza. Na kuna moja ambayo kwa nchi yetu ya juu naiweka mbele ya zote, nayo ni kifuniko cha rejeta.

Maji yakiwa wazi, pwani huchemka kwa nyuzi 100. Hapa kwetu, karibu na mita 2,000, huchemka kwa nyuzi 93 au 94. Akina mama wanaopika maharagwe wanajua kwamba huku yanachelewa kuiva, na sababu ni hiyo. Kifuniko cha rejeta kimewekwa kuzuia mvuke na kuongeza presha ili maji yavumilie. Kifuniko kizima cha magari yetu, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1, kinafanya maji yavumilie zaidi ya nyuzi 110 hata hapa juu. Kikilegea springi au mpira wake ukikatika, maji yako yatachemka kwa nyuzi 93, na injini nzima kabisa inafanya kazi karibu na hapo. Gari litachemka, fundi atailaumu themostati, ataitoa, na gari litaendelea kuchemka. Badilisha kifuniko kwanza, na nambari iwe ile ile iliyokuwa. Bei yake ni ndogo.

Na tafadhali, kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Yale maji yaliyokuwa yamevumilia kwa presha yanageuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Ngoja injini ipoe kabisa, hata ikiwa ni saa nzima, hata abiria wakipiga kelele.

Haya, umehakikisha, themostati ndiyo mbovu. Unaichaguaje?

Jambo la kwanza ni nambari ya joto. Themostati karibu zote zimepigwa chapa ya nambari kwenye chuma, chini au pembeni: 76, 78, 82, 88 na kadhalika. Hizo ni nyuzi ambazo mlango unaanza kufunguka. Toyota nyingi tulizo nazo barabarani zinatumia 82. Kitabu cha injini ya 1NZ, ile ya Probox ya 1500, kinasema mlango uanze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Subaru nyingi zinatumia 78. Baadhi ya magari ya Ulaya yanapita 87, na mengine yana themostati inayosaidiwa na umeme, iliyounganishwa moja kwa moja na nyumba yake ya plastiki. Hizo zinunuliwe kwa namba ya chesisi pekee. Nunua nambari ambayo mtengenezaji aliiweka. Basi.

Nasema basi, kwa sababu najua kinachofuata. Mwenye duka atakwambia, "Chukua hii ya 76, gari litakuwa baridi zaidi." Sikilizeni jinsi ilivyo. Themostati inaamua injini isishuke chini ya joto gani. Haiongezi nguvu ya kupoza. Ukiwa unapanda mlima na gari limejaa, themostati ya 76 imefunguka yote, na ya 82 pia imefunguka yote. Kutoka hapo kazi ni ya rejeta, feni na pampu. Kama rejeta imeziba, themostati ya nambari ya chini itakupa dakika chache tu kabla ya kuchemka, na siku nyingine zote itakulia petroli. Nambari ya juu nayo isiwekwe kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani.

Jambo la pili ni umbo. Mbili zinaweza kuandikwa 82 zote na zisiingiliane. Beba ile ya zamani uende nayo dukani, uziweke bega kwa bega. Angalia upana wa ukingo, urefu wa mwili, na hasa kile kisahani cha chini nilichokitaja. Kama ya zamani ilikuwa nacho na mpya haina, rudisha, hata ikiwa imeingia vizuri kwenye nafasi yake. Kama kisahani kiko juu zaidi au chini zaidi, hakitaziba njia. Angalia pia kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza, kinachoruhusu hewa kutoka wakati wa kujaza maji. Na mpira wa kuzuia uvujaji uje na themostati mpya. Ule wa zamani umeshalalia upande mmoja.

Je, kama ya zamani ilitolewa miaka miwili iliyopita na fundi hakumbuki aliitupa wapi? Chukua namba ya chesisi kwenye logibuku, pamoja na namba ya injini. Maduka makubwa ya spea yana programu inayotafuta namba halisi ya kipuri kwa chesisi. Usiseme tu "nipe ya Noah". Noah ya zamani ya injini ya 3S na ile iliyofuata ya 1AZ ni injini mbili tofauti, ingawa abiria anaona Noah ni Noah.

Kuhusu spea za mtumba kutoka Japani nitasema waziwazi. Mlango, taa, hata giaboksi, mtu anaweza kununua na akafurahi. Themostati, hapana. Kumbukeni kwamba kwa kiwango cha KS 1515 magari yanaruhusiwa kuingia nchini yakiwa na umri usiozidi miaka minane. Mengi yanafika na themostati yao ya kiwandani, tayari nta imeyeyuka na kuganda maelfu ya mara, na sisi tunaongeza miaka kumi mingine. Kununua themostati iliyotolewa kwenye gari lililokatwa ni kununua uzee wa mtu mwingine.

Na zile za bandia? Zipo. Siwezi kutaja duka wala kampuni, kazi yangu hainiruhusu, na kusema kweli boksi zuri siku hizi si ushahidi wa chochote. Tazama chuma chenyewe. Nambari ya joto iwe imepigwa chapa na isomeke. Springi isiwe nyembamba ya kutikisika. Mlango ukiushika kwenye mwanga usionyeshe mwanya. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine matatu, jiulize. Bidhaa ghushi ni kosa kwa Sheria ya mwaka 2008 iliyoanzisha mamlaka ya kitaifa ya kupambana nazo, lakini afisa wa mamlaka hiyo hatakuwa nawe kwenye kaunta.

Utakuwa na sufuria, hata hivyo, na jaribio la sufuria ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani. Themostati mpya ijaribiwe kabla ya kuwekwa. Chukua sufuria ya maji, fungia themostati uzi au waya mwembamba ining'inie ndani bila kugusa chini, maana chini ya sufuria kuna joto kuliko maji yenyewe. Weka kipimajoto kinachofika nyuzi 100. Kile cha kupimia homa hakifai, kitapasuka. Pasha moto polepole huku ukikoroga. Tazama mlango. Ile ya 82 inapaswa kuanza kuachia katikati ya 80 na 84, na iendelee kufunguka kadiri maji yanavyopanda. Itoe, iache ipoe, na mlango ufunge wenyewe kabisa. Ikiwa imefunguka ukiwa bado una maji ya vuguvugu, au haijafunguka mpaka maji yakachemka, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu havikulifikiria. Kitabu cha Toyota kinaagiza uangalie kama mlango umefunguka vya kutosha maji yakiwa nyuzi 95. Katika sufuria ya Sironga hutafika 95. Maji yatachemka kwa 93 au 94 na yatabaki hapo hata ukiongeza kuni. Kwa hivyo ile ya 82 ukiiona karibu imefunguka yote maji yanapochemka, ridhika. Na mwenye gari la Ulaya lenye themostati ya nyuzi 92 au 95 asiitupe eti haikufunguka kwenye sufuria. Haikufikiwa na joto lake. Kuna fundi mmoja aliyenionyesha ndoo ya themostati alizokataa, na sina hakika zote zilistahili kukataliwa.

Kuweka ni kazi ya fundi, kwa hivyo nitapita haraka. Upande wa springi na nta uelekee injini, mahali penye maji ya moto. Kile kitundu chenye kipini kikae juu, hewa itoke. Gundi ya silikoni isipakwe mahali palipo na mpira wake. Inamenyeka na kwenda kuziba rejeta. Katika Toyota nyingi themostati iko upande wa mpira wa chini wa rejeta, si wa juu, kwa hivyo msihangaike kuitafuta mahali isipokuwa. Baada ya kuweka, jaza maji polepole, acha kifuniko wazi injini ikiwa baridi, washa na uweke hita kwenye joto la juu kabisa, ngoja mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe, ongeza maji, kisha funga. Hewa iliyobaki ndani itaifanya themostati mpya ionekane mbovu, na wengi huitoa tena hapo.

Mnachojaza pia kina maana. Nimeona madereva wakichota kwa mtungi kwenye kinamasi chetu hapa chini. Maji yale yana udongo na yataleta kutu, na kutu ndiyo inayokwamisha mlango wa themostati. Kwa dharura ya kufika nyumbani, sawa. Kwa kawaida, tumia kulanti: ile iliyo tayari, au ile nzito iliyochanganywa na maji safi kama maelekezo ya chupa yanavyosema. Inazuia kutu na kuongeza uvumilivu wa maji dhidi ya kuchemka. Msiimwage ovyo. Ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa, ndama na watoto huvutiwa nayo.

Nimeulizwa pia kuhusu haki za mnunuzi, na hapa angalau niko karibu na ofisi yangu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba ukimweleza muuzaji unataka bidhaa kwa kazi gani, na ukategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Tofauti iko katika maneno mnayosema dukani. Mtu akiingia na kusema, "Nipe themostati ya kampuni fulani," akataja jina la kampuni tu, amejichagulia, na ulinzi wake unapungua. Akisema, "Nataka themostati ya Probox, injini ya 1NZ, chesisi hii hapa," muuzaji akachagua, jukumu linahamia kwa muuzaji. Kwa hivyo sema hivyo, na uombe iandikwe kwenye risiti: aina ya gari, injini, na nambari ya joto. Risiti ya "spea, moja" haitakusaidia. Usimamizi wa biashara na haki katika biashara ni miongoni mwa kazi ambazo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti, kwa hivyo mwenye lalamiko alete risiti kwa idara ya biashara ya kaunti. Lalamiko lisilo na risiti tutalisikiliza, lakini mkono wetu utakuwa mfupi.

La mwisho ni baina yenu wenyewe, na naomba wenye magari wanisikilize. Dereva wa kulipwa kwa siku anapoambiwa matengenezo madogo ni yake, atatafuta njia rahisi. Kutoa themostati ni bure. Kuweka mpya ni pesa, pamoja na kulanti na nusu siku ya kazi. Mtu mwenye hesabu ya jioni na watoto wa shule atachagua bure, na mimi simlaumu. Atakayebeba hasara ya injini ni mwenye gari, akiwa Nairobi au ng'ambo, miezi sita baadaye, bila kujua ilianzia wapi. Vitu hivi vitatu, themostati, kifuniko cha rejeta na kulanti, viandikwe katika makubaliano yenu kuwa ni vya mwenye gari. Mwenyekiti ameniambia sacco italijadili hilo kwenye mkutano wake, na nitafurahi kuchapisha mtakachokubaliana katika toleo lijalo.

Fundi wetu ameshawasha jiko hapo nje, sufuria ina maji na kipimajoto kipo. Ameleta themostati nne, mbili mpya na mbili za zamani, na hajaniambia zipi ni nzima. Aliye na yake kwenye dashibodi ama mfukoni ailete pia, tuijaribu. Maswali tutayachukua hapo hapo maji yakipata moto.